Mzee wa basi na masikio ya mugodi

Siku ya posho mchana, kama siko na posti, majirani wangu wa Manika, hapa Kolwezi, wananiona nikitoka ku lupango na gitari mgongoni na ampli imefungwa kwa kamba juu ya kinga. Niko na miaka 47. Watoto wa njiani wanapiga kelele: «Papa Basi! Papa Basi!» Mama mmoja anayeuzisha makala alimuuliza bibi yangu siku moja: «Mama, bwana yako anatafuta nini na bale batoto ba muziki? Eko anatafuta bibi ya pili?» Bibi yangu akacheka, akamujibu: «Anatafuta paka fasi ya kupiga ile gitari, juu mu nyumba nilikatala.»

Wengi wanaonijua, wananijua kama delege wa sendika. Wamezoea kunisikia nikisema juu ya mishahara, mikataba na buti za usalama. Leo nitasema juu ya muziki. Lakini mtaona mbele kama hayo mambo mawili hayako mbali, maana mimi mwenyewe nilifikiri yako mbali, na nilijidanganya.

Nyuzi nne tu

Mtu akisikiliza orkestra ya kwetu, anajua mwimbaji, anajua mpiga solo, anajua atalaku. Watu wanalipia hao. Nyuma kuna mi-solo, kuna akompanyema, kuna batri, na pale karibu na ukuta kuna mtu mmoja ambaye hakuna anayemwangalia: mtu wa basi. Gitari yake ina nyuzi nne: mi, la, re, sol. Ule uzi mnene kupita yote, mi, unatetemeka mara 41 tu kwa sekunde moja. Ndiyo maana sauti yake unaisikia tumboni mbele ya kuisikia masikioni. Uzi wenyewe ni mrefu, karibu sentimeta 86, na wa gitari ya kawaida ni karibu 65. Kwa mkono uliozoea chuma miaka na miaka, hiyo si kazi ndogo. Vidole vyangu vina nguvu, lakini havifunguki vizuri. Asubuhi ya baridi, mwezi wa sita, naviweka kwanza mu maji ya moto kama mama aliyejifungua.

Hapa Katanga, tulijua sauti ya basi mbele ya kujua gitari ya basi. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka wa 1952, alikuwa anapiga gitari moja tu. Kidole gumba chake kilishika basi, na kidole cha pili kikaimba. Ni mwaka mmoja tu mbele yake, 1951, kule Marekani Leo Fender alianza kuuzisha ile basi yake ya umeme. Kule Léopoldville, orkestra za wakati ule zilitumia kontrebasi, ule mti mkubwa unaosimama kama mtu. Kisha wakaja wapigaji wa basi ya umeme kama Decca Mpudi wa TP OK Jazz na Bapius wa Zaïko Langa Langa. Uliza watu kumi mu bar: wote wanajua Franco. Jina la Decca, labda mmoja, na huyo mmoja naye ni mpiga basi.

Miye nilianza na karindula, kama watoto wengi wa camp. Tulikata pipa, tukaweka ngozi ya mbuzi, tukafunga nyuzi nne. Baba hakupenda. Kwake, muziki ilikuwa kazi ya walevi. Nikamaliza masomo ya sekondari, nikaingia mugodi, nikaoa, nikazaa. Karindula ikabaki mu akili tu. Nilipofika miaka 41, kijana mmoja wa kwaya alikuwa anahamia Zambia, akauzisha basi yake dola 130. Nilirudi nayo usiku, nikaificha chini ya kitanda siku tatu. Kumbe bibi alikuwa ameiona siku ya kwanza. Alikuwa anangojea paka nimwambie mwenyewe.

Posti, nyungu na franga

Orkestra yetu ni ya watu saba. Mimi ndiye mkubwa. Anayenifuata ana miaka 29. Hakuna hata mmoja anayeishi na muziki. Kuna wa kushona, kuna wa kutengeneza simu, kuna mwalimu, kuna wawili wanaochimba kwa mikono. Tunapiga mu ndoa, mu kutosha matanga, na mara moja moja mu bar kama mwenye bar ana moyo mzuri. Ndoa moja inaweza kutuletea dola 150. Toa petroli ya jenereta, toa usafiri wa bafle, toa mikate ya wale wanaobeba. Kinachobaki tunagawa kwa saba. Ukihesabu masaa, mfanyakazi wa siku anatupita.

Taabu yangu kubwa ni posti. Kama niko posti ya usiku, natoka asubuhi, nalala kidogo, mchana niko repetisio, macho mekundu. Kama niko posti ya pili, sionekani wiki nzima, na vijana wanajifunza wimbo bila mimi. Siku ya yenga wanakuja kunionyesha, mmoja mmoja, kwa uvumilivu. Ku kazi, mimi ndiye ninayefundisha wengine. Pale, mtoto wa miaka 22 ananishika kidole na kusema: «Hapana, Papa, huku.» Mwanzo nilikuwa nasikia haya. Leo sisikie tena.

Nyuzi mpya za basi ni bei. Kwa hiyo tunafanya sawa vile wazee walifanya: unazitoa, unazichemsha mu maji dakika kumi, mafuta na uchafu wa vidole vinatoka, sauti inarudi kuwa safi wiki mbili tatu. Nilichemshia mu nyungu ya sombe. Kwa kosa hilo nilinunua nyungu mpya. Ile ya zamani sasa inaitwa «nyungu ya muziki», na hakuna mtu mwingine anayeigusa.

Kitu kimoja basi ilinifundisha, na kilinichukua miaka mitatu: kuacha nafasi. Delege amezoea kusema. Mkubwa wa kazi akinyamaza kidogo, delege anajaza. Mimi pia nilipiga hivyo, noti nyingi, bila kupumua. Mpiga solo wetu aliniambia siku moja, kwa heshima: «Papa, pale unaachia, njo pale miye naingia. Kama hauachie, miye nitapita wapi?» Rumba iko hivyo. Basi haijazi kila pigo. Inaweka mguu, inanyamaza, inaweka mguu. Watu wanacheza ndani ya ule unyamavu.

Sharle sikuisikia

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Wimbo wetu unaanza polepole: mwimbaji anaimba, basi inatembea kama mzee anayeenda kanisani. Kisha inakuja sebene: sauti zinanyamaza, magitari yanashika, watu wote wanasimama. Kuingia mu sebene kunataka wote waingie pamoja, sawa vile kusukuma wagoni. Kwetu, kijana wa batri ndiye anayetoa alama kwa sharle, zile sahani mbili zinazofungwa na mguu. Tss, tss, tss, tss, na wote ndani. Zile sahani zinatengenezwa na shaba iliyochanganywa na bati. Pengine ni shaba ya kwetu, iliyotoka hapa ikazunguka dunia.

Mwezi wa tano wa mwaka uliopita tulikuwa mu ndoa moja ya Dilala. Nafasi ilikuwa ndogo, wakanisimamisha mbali, upande wa piano. Wimbo wa pili, alama ikapita. Wenzangu wote wakaingia mu sebene, mimi nikabaki nyuma na ile rumba yangu ya kwenda kanisani. Labda ilikuwa mizunguko minne. Kwangu ilikuwa kama saa nzima. Bibi-arusi alikuwa ameanza kucheza, akasimama. Mjomba wa bwana-arusi aligeuka, akaangalia bafle, akaangalia piano, akaniangalia. Mtu asiyejua basi ni kitu gani anajua tu kama nyumba imetikisika.

Kijana wa batri hakusema kitu mbele ya watu. Alingojea siku ya posho iliyofuata, akanivuta pembeni: «Papa, usikasirike. Unabakia nyuma. Na haiko mara ya kwanza. Tangu mwezi ya tatu niko naona.» Yule wa piano naye akakaribia: «Papa, piano eko na sauti ya basi. Mukono yangu ya kushoto inaweza kufanya ile kazi. Weye utabakia na shiye kama mushauri.»

Mshauri! Nimekaa mu makutano mengi na wakubwa wa kazi. Najua vizuri mtu anafanywa «mshauri» siku gani.

Chumba kidogo

Niliomba wiki mbili. Nikapanda bisi mpaka Lubumbashi, karibu kilometa 300, kwa munganga wa masikio. Nililipa na franga yangu mwenyewe, ili karatasi isifike mu faili yangu ya kazi. Nisome mara ya pili nilichoandika: mimi, delege, mtu anayesimama mbele ya wenzake na kusema «musifiche magonjwa ya kazi», nilienda kujificha Lubumbashi.

Wananiingiza mu chumba kidogo chenye kioo, kaske kwenye masikio, kitufe mkononi. Ukisikia sauti, unabonyeza. Sauti nzito nilizisikia zote, moja kwa moja, nikafurahi. Kisha ikaja kimya. Nikafikiri mashine imezimika. Nikainua macho kwenye kioo: yule mama munganga alikuwa anaendelea kugeuza mashine yake, anaandika, anageuza, anaandika.

Alinionyesha karatasi. Mstari unatembea juu vizuri, kisha pale sauti inapotetemeka mara 4.000 kwa sekunde, unaanguka kama shimo la mugodi wa wazi, na mwisho unapanda tena kidogo. Akaniuliza swali moja tu: «Papa, ulifanya kazi na makelele?» Umbo lile, aliniambia, makelele ndiyo yanayolichora.

Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana ambazo zinapokea sauti. Kelele kubwa inaziua. Zikikufa, hazizaliwi tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti kali na nyembamba: sharle, sauti ya mtoto, ile «s» na «f» mu maneno ya watu. Sauti nzito zinabaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana nilikuwa nasikia basi yangu vizuri kabisa, na sikujua kama kuna kitu kimepotea.

Kipimo kinachotumika mu inchi nyingi ni hiki: desibeli 85, masaa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, unakata saa kwa nusu. Kwa hiyo 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, na ukifika 100, ni dakika 15 tu. Marto ya kutobolea mawe inapita 110. Mimi niliishika miaka tisa mbele ya kwenda ku konkaseri, ambayo nayo si kanisa. Kaske za masikio tulikuwa nazo. Tulizivaa shingoni. Si upumbavu tu: mtu wa chini ya ardhi anataka kusikia mwamba. Mwamba unalia mbele ya kuanguka, na kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye hakuusikia. Kati ya kufa leo na kuwa kiziwi kesho, tulichagua. Hakuna aliyetuambia kama kuna njia ya tatu.

Karatasi juu ya ngoma

Nilirudi. Siku ya posho niliweka karatasi juu ya ngoma ya batri, nikawaeleza vijana yote, bila kuficha. Nilifikiri wataniambia pole, na kisha piano itachukua nafasi yangu. Kijana wa batri aliangalia ule mstari, akauliza: «Basi, ngoma ya mguu unaisikia?» Ndiyo, naisikia. «Na mguu yangu unaiona?» Ndiyo. «Sasa tatizo ni nini? Simama huku kwangu.»

Ndivyo tulivyofanya. Leo nasimama karibu yake kabisa, upande wa mguu wa kushoto, ule unaokanyaga sharle. Sisikie tss. Naona kisigino kinainuka mara nne. Ngoma kubwa inanipiga ndani ya mguu. Mara mbili nimekosa tangu wakati ule, na mara zote mbili ni juu mama mmoja alipita mbele yangu kutunza mwimbaji.

Yule wa piano alikuwa kimya siku ile. Kisha akauliza polepole: «Papa, kama mutu analala, kichwa inaliya nziii, njo vile inaanzaka?» Wote tukamgeukia. Kwa wale sita, wanne walikuwa na ule mlio kisha repetisio. Watoto wa miaka 22, 25! Tunapigia mu chumba cha bati, bafle ziko karibu na vichwa. Orkestra mu chumba kama kile inapita desibeli 100 bila taabu. Mimi nilikuwa naongoza sendika, na kila siku ya posho nilikuwa nawapeleka watoto wa watu mu mugodi mwingine.

Tulitoa bafle nje, zikaangalia uwanja. Tukapunguza ampli zote, yangu ya kwanza. Na nilileta bushoni za masikio, zile ndogo za sponji. Unazikunja kwa vidole, unavuta sikio juu, unaingiza, unangojea zivimbe. Vijana walilalamika kama hawasikie solo. Niliwaambia: mtasikia solo yenu mkifika miaka 47. Miye siisikie yote.

Karatasi ku mugodi

Ilibaki kazi ngumu kupita. Mwezi mmoja kisha, kwenye mabadilisho ya posti, nilisimama mbele ya wenzangu na ile karatasi. Nikawaambia nilipoipata, na kama nilijificha. Kimya. Kisha mtobozi mmoja mzee, mtu ninayemheshimu, akasema: «Delege, weye uko na gitari. Miye nikionyesha karatasi kama ile, batasema siwezi tena kazi, batanitosha. Batoto nitabakulisha nini? Sharle?»

Watu walicheka. Mimi pia. Lakini sikuwa na jibu zuri, na leo bado sina jibu kamili. Sheria ya kazi ya 2002 inatupa komite ya usalama na usafi, na ndiyo mlango tunaopitia. Tunalomba vitu vitatu: masikio yapimwe siku mtu anaingia kazi na kila mwaka, mfanyakazi apewe karatasi yake mkononi, na mwenye masikio yaliyoharibika apelekwe mahali pasipo na makelele bila kukatwa mshahara. Cha tatu ndicho kigumu. Bila cha tatu, cha kwanza ni mtego, na yule mzee ana haki. Majadiliano yanaendelea. Mu faili tuliyoweka juu ya meza, karatasi ya kwanza ni yangu. Mpaka leo wenzangu watatu wameongeza zao. Yule mzee bado.

Siku ya posho iliyopita tulipiga kwenye kutosha matanga kule Kapata. Watu walikuwa wengi, mavumbi mengi, jenereta ilizimika mara mbili. Nilisimama pembeni ya batri, macho chini, kama mtu anayetafuta franga iliyoanguka. Kisigino kikainuka mara nne. Tukaingia wote. Wajane wawili walitoa vitambaa vyeusi, wakasimama kucheza, na hakuna mtu aliyegeuka kuniangalia.

Nilirudi usiku, nikavua buti, nikaweka basi chini ya kitanda. Bibi aliniuliza kitu kutoka jikoni, sikukisikia. Akaja mpaka mlangoni, akasema tena, akiniangalia usoni, sawa vile munganga alimwambia afanye. Alikuwa anauliza kama niko posti gani. Ya kwanza, nikajibu. Bushoni ziko mu mfuko wa koti la kazi. Ni zile zile.